Kuongoza okestra mkoani: jibu kwa mwalimu wa kwaya wa Iringa

Swali, kwa kifupi: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa, nafundisha Kiswahili na Historia. Jioni nafundisha kwaya ya parokia, huu ni mwaka wa saba. Noti nasoma, kinanda napiga cha kubahatisha. Nataka kuwa kondakta wa okestra, yule anayeongoza kundi la wapiga vyombo kwa kifimbo. Nilipomwambia mama akaniuliza: daladala ya Ipogolo au ya Kihesa? Nina maswali matatu. Nimechelewa? Nitakula nini? Na kile kifimbo kinauzwa wapi?"

Marahaba, mwalimu.

Mwambie mama hayuko mbali na ukweli. Mwaka mmoja nilijaza fomu benki, kwenye nafasi ya kazi nikaandika "kondakta wa okestra". Dada wa dirishani akasoma, akanitazama, akauliza hiyo kampuni ya mabasi inakwenda wapi. Tangu siku ile naandika "mwalimu", na kadiri miaka inavyosogea naona ndivyo nilivyopaswa kuandika tokea mwanzo. Nitaeleza kwa nini, maana jibu la maswali yako mawili ya kwanza limelala humo.

Kuhusu kuchelewa. Kama ungetaka kuwa mpiga vayolini wa kutegemewa duniani ningekuambia pole, wenzako walianza na miaka sita. Kuongoza ni kazi ya sikio, kichwa na subira, na watu huifikia kwa njia za pembeni. Armand Diangienda wa Kinshasa, mjukuu wa Simon Kimbangu aliyeanzisha kanisa la Wakimbanguisti, alikuwa rubani wa ndege. Mwaka 1994 alianzisha okestra ya simfoni ya Wakimbanguisti na watu wachache ambao wengi hawakuwa wamewahi kushika vayolini, naye mwenyewe muziki wa aina hiyo alijifunza bila kukaa chuoni. Vayolini hazikutosha, ikabidi wapokezane, huyu akipiga mwenzake anasubiri zamu. Waya ulipokatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Wakaendelea hivyo hadi wakapiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven (simfoni ni utunzi mrefu wa okestra), ambayo mbali na okestra inadai kwaya nzima na waimbaji wanne wa mbele.

Waandishi wa habari wanaupenda sana ule waya wa baiskeli. Mimi napenda kitu kingine: Diangienda hakukuta okestra imekaa inamsubiri. Watu walifundishwa kwanza, okestra ikaja baadaye.

Kwenye nchi zenye okestra kila mji, mambo yako kinyume. Marekani, kwa mfano, okestra nyingi za miji ya kawaida hazina wapigaji wa mshahara. Mtu analipwa kwa kila zoezi na kila onyesho, wiki hii yuko mji huu, wiki ijayo mji wa pili, gari limejaa mafuta na viti vya nyuma vimejaa nguo nyeusi. Kondakta wao naye mara nyingi ana okestra mbili tatu, na katikati anafundisha chuo kikuu au anaongoza okestra ya vijana. Lakini anaomba kazi kwenye kitu ambacho kipo, chenye bodi, ofisi na kabati la noti. Wewe Iringa utaomba kazi kwa nani? Kwa hiyo usitafute okestra ya kuongoza. Tafuta watoto wanane wa kufundisha, kisha tuzungumze tena baada ya miaka mitano.

Sasa mikono yako. Miaka saba ya kwaya ni mtaji mkubwa, maana unajua kusikia sauti nne kwa pamoja na kumkamata anayeteleza. Ila imekujengea pia tabia ambazo itabidi uzivunje, na naweza kuzitaja bila kukuona kwa sababu nilikuwa nazo zote. Mwalimu wa kwaya anaongoza kwa mdomo. Anatamka maneno pamoja na waimbaji, anapiga mkono kwenye kila silabi, besi wakilegea anaimba nao. Waimbaji wameshika wimbo kichwani, macho yao yako usoni kwake. Mbele ya okestra hakuna maneno ya kutamka, na hakuna anayekutazama mdomo. Kila mtu ana karatasi mbele yake na mkono wako anauona kwa pembe ya jicho tu. Mkono ukisema kitu kisichoeleweka, watu thelathini watakielewa kwa namna thelathini.

Chukua mwanzo wa Simfoni ya Tano ya Beethoven, ule ambao hata asiyejua muziki ameusikia: noti tatu fupi, moja ndefu. Watu hudhani unaanza na noti. Unaanza na kimya. Pigo la kwanza la kipimo cha kwanza ni pumziko fupi, na zile noti tatu zinafuata nyuma yake. Maana yake mkono wako unashuka kwa nguvu zote na hakuna kinachosikika, halafu ndipo okestra inalipuka. Mara ya kwanza kuuongoza niliogopa kile kimya. Nikahesabu kwa sauti, "moja, mbili," kisha nikashusha mkono. Nusu ya vayolini waliingia mkono ulipogusa chini, nusu wakaingia walipopaswa kuingia, na mtu wa selo (ile fidla kubwa inayopigwa umekaa), ambaye ni mpole kuliko wote, akaweka upinde chini na kuniuliza, "Mwalimu, tufuate mdomo au mkono?"

Siri iko kwenye pigo linalotangulia, lile la kupandisha mkono. Pale unavuta pumzi, na kasi ya pumzi yako ndiyo kasi ya muziki. Ukivuta pole, wataingia pole. Ukivuta kwa mshtuko, wataingia kwa mshtuko. Kwaya wanavuta pumzi na wewe bila kuambiwa kwa sababu wanaihitaji ili waimbe. Mpiga vayolini hahitaji pumzi ili apige, kwa hiyo ni lazima aione kwako.

Zoezi la nyumbani, dakika kumi kila siku mbele ya kioo: mkono wa kulia unapiga nne, chini, kushoto, kulia, juu. Mkono wa kushoto unapanda taratibu kutoka kiunoni hadi begani kwa mapigo manane, kisha unashuka kwa manane. Wiki ya kwanza mkono wa kushoto utaanza kumuiga wa kulia kama mtoto anayemfuata kaka yake sokoni. Usiache. Siku ikifika ambapo unaweza kufanya hivyo huku unamjibu mtu salamu, umevuka mto wa kwanza.

Lakini kusimama na kupunga mikono ni sehemu ndogo ya kazi. Huku kwetu sehemu kubwa inafanyika umekaa, usiku, na penseli. Nitakupa mfano mmoja kwa urefu kwa sababu hakuna aliyenieleza haya nilipoanza.

Tuliamua kupiga Simfoni ya 29 ya Mozart. Ni chaguo zuri kwa okestra ndogo: vyombo vya nyuzi, na vya kupuliza obo mbili na frenchi honi mbili, basi. Hakuna klarineti, hakuna tromboni, hakuna ngoma. Tatizo ni kwamba obo hatukuwa nayo hata moja, wala frenchi honi. Nilikuwa na vijana wawili wazuri wa klarineti, nikasema hawa watachukua nafasi za obo. Sasa, klarineti ya kawaida ni ya B-flat: mpigaji akisoma do na kuipiga, kinachosikika ni noti iliyo chini yake kwa hatua nzima. Kwa hiyo sehemu yake lazima uiandike upya, umpandishe hatua hiyo moja. Simfoni ile iko kwenye A, yenye shapu tatu (alama za kupandisha noti nusu hatua). Ukiipandisha hatua moja inakuwa B, shapu tano, mzigo kwa mwanafunzi. Niliwapa zile karatasi siku ya Jumanne. Alhamisi mmoja alikuja na barua ya mama yake kwamba ana mitihani.

Nikarudi mezani. Filimbi ya okestra haina shida hiyo, inasikika vilevile inavyoandikwa, na noti nyingi za obo inazifikia. Sehemu za obo nikawapa wapiga filimbi, nikijua kwamba sehemu za chini zitasikika hafifu kwa sababu filimbi huko chini haina kifua. Basi nikawaambia vayolini wapige kwa nusu ya upinde kila filimbi ziliposhuka. Zile honi nikawapa vijana wawili wa matarumbeta wa usharika. Enzi za Mozart honi ilikuwa bomba lisilo na vali, kwa hiyo noti zake ni chache na wala hizo shapu hazikuwatesa. Niliwaomba tu wapige kama kuna mtoto amelala chumba cha pili. Kazi yote ilinila usiku wa siku tano. Kwenye onyesho hakuna aliyejua, na ndivyo inavyotakiwa.

Ndiyo maana nakusihi ujifunze mambo ambayo hayana mvuto kwenye picha: funguo zote tatu za kusomea noti, wa sol, wa fa na wa do (wapiga viola, ndugu mkubwa wa vayolini, wanasoma huo wa mwisho, na asipousoma kondakta atawadanganya bila kujua), vyombo gani vinahamisha sauti na kwa kiasi gani, na mipaka ya kila chombo juu na chini. Programu ya kuandikia noti iitwayo MuseScore ni ya bure. Noti za Haydn, Mozart na Beethoven hazina haki miliki tena, unazipakua bure mtandaoni. Unachokosa ni muda, si noti.

Halafu jifunze kupiga chombo cha nyuzi wewe mwenyewe, hata kama utabaki wa mwisho darasani. Zaidi ya nusu ya okestra ni nyuzi. Usipojua upinde unavutwaje, hutajua kwa nini sauti yao imekuwa nzito, na utabaki kusema "jitahidini" kama mkuu wa shule kwenye paredi. Mimi nilitokea kwenye matarumbeta ya Kilutheri hapa Moshi, kwa hiyo nilianza selo nikiwa na miaka 29, nimekaa benchi moja na mtoto wa darasa la tano aliyenizidi kwa mbali. Alinisahihisha kidole gumba kwa muhula mzima. Sasa ndiye anayeshika selo ya kwanza, na bado ananitazama kidole gumba.

Mwalimu wa nyuzi utampata wapi? Watu wengi hapa wanatazama Ulaya wakasahau kwamba okestra imekuwepo pwani yetu zaidi ya miaka mia. Sultani Barghash alikuwa na wanamuziki wa Kimisri kwenye jumba lake karne ya 19, na klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ya Unguja imeanza mwaka 1905. Fidla, ganuni, udi, kodiani, selo, besi: hiyo ni okestra, na haina mtu wa kusimama mbele na kifimbo. Wanasikilizana, na mshika ganuni au fidla ya kwanza akitikisa kichwa inatosha. Chuo cha muziki cha Dhow Countries, DCMA, kilianzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002 kufundisha hayo pamoja na muziki wa noti. Ukipata likizo ya Desemba nenda Unguja ukakae na wapiga fidla hata wiki mbili. Utajifunza upinde, na utajifunza pia jinsi okestra inavyoweza kwenda bila wewe. Kondakta anayejua hilo hapigi mikono ovyo.

Kama unataka cheti, Chuo Kikuu cha Makumira kule Usa River kina shahada ya muziki, Bagamoyo ipo TaSUBa ambayo sisi wakubwa bado tunaiita Chuo cha Sanaa, na Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyoanza mwaka 1944, na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kote huko utasoma muziki, uongozaji ukiwa kipande chake tu. Vizuri. Kondakta aliyesoma kupunga peke yake ni kama mpishi aliyesomea kupakua.

Tuje kwenye chakula. Okestra yangu hainilipi. Nasema mapema ili usije ukaniona siku moja nimesimama mbele na koti jeusi ukadhani nimefika. Michango na tiketi zikikusanywa zinaisha kwenye ukumbi, Coaster ya kuwaleta watoto wa vijijini, maji, soda na kurudufu noti. Ninachokula kinatoka kwingine: vipindi vya muziki kwenye shule mbili binafsi, wanafunzi wa nyumbani jioni, kuwaandaa watoto kwa mitihani ya kimataifa ya vyombo, kupanga nyimbo za kwaya zinazotaka kurekodi na vyombo vya kweli, na Jumamosi nyingi harusi. Watu wanne wa nyuzi kwenye sendofu, nyimbo sita wakati wageni wanaingia, tatu wakati wa chakula, unaondoka saa nne usiku kabla muziki wa spika haujafunguliwa. Vijana wangu wakubwa ndio wanaopiga, na malipo yao ya harusi yanawafanya wasiache mazoezi. Nimeona okestra za makanisa zikifa kwa sababu mwalimu alidhani upendo wa muziki unalipa nauli.

Kwa hiyo usiache ajira yako. Narudia, usiache. Una mshahara, una bima, na kubwa kuliko vyote uko ndani ya shule kila siku. Muziki ni somo la mtihani wa kidato cha nne kwenye nchi hii, ingawa shule zinazolifundisha ni chache. Mwone mkuu wako, omba chumba kimoja na saa mbili kwa wiki kama klabu. Hapo ndipo okestra yako inapozaliwa. José Antonio Abreu alipoanza Caracas, Venezuela, mwaka 1975 zoezi la kwanza lilikuja na vijana 11, kwenye gereji. Leo mpango ule, El Sistema, umefundisha watoto wasiohesabika, na Gustavo Dudamel, aliyekuja kuongoza okestra ya Los Angeles, ni zao lake. Karibu zaidi na wewe, mpango wa Ghetto Classics umekuwa ukifundisha vyombo vya okestra Korogocho, Nairobi, tangu 2008, jirani na jalala la Dandora. Mbinu yao ya kumfanya mtoto aliyetangulia amfundishe anayefuata nimeiiga bila aibu. Mtoto anayemfundisha mwenzake kushika upinde anaacha kuushika vibaya mwenyewe, maana atachekwa.

Jambo moja la kukuandaa: wanafunzi wako watakuondokea. Kidato cha nne kikiisha, selo zako mbili zinakwenda Dodoma na Mwanza siku moja. Mwanzoni nilikuwa nalia, kweli nalia. Siku hizi kila Januari naanza darasa jipya la watoto kumi hata kama okestra imejaa, na nampa kila mkubwa mrithi wake. Na viola, mwalimu, hakuna mtoto atakayeomba viola. Tafuta mpiga vayolini mrefu mwenye roho ya upole, mwite pembeni, mwambie ana mikono ya viola. Yangu yote imepatikana hivyo.

Ukishapata vayolini tatu nne na selo moja, usikimbilie Mozart. Anza na kile unachokimiliki, yaani kwaya yako. Chukua wimbo wa sauti nne ambao wanaujua, soprano mpe vayolini ya kwanza, alto vayolini ya pili, teno viola, besi selo. Waya wa chini kabisa wa vayolini ni G iliyo chini ya do ya kati, na alto wa kwaya ni nadra kushuka hapo, kwa hiyo hutahitaji kubadili kitu. Kama viola bado huna, teno wabaki wanaimba. Ubeti wa kwanza waimbe wote, wa pili wapige wote, wa tatu pamoja. Waimbaji wako watagundua kwamba vayolini haingoji mtu amalize kuvuta neno, na wapigaji watajifunza kupumua. Wewe utakuwa katikati, mdomo umefungwa. Ndilo zoezi gumu kuliko yote nililokupa.

Kifimbo usinunue. Cha dukani huagizwa nje, na cha kwanza utakivunja kwenye stendi ya noti wiki ileile. Mimi natumia kijiti kirefu cha mishikaki, nimekisugua kwa msasa kikawa laini, nimekichomeka kwenye kizibo cha chupa ili kikae vizuri kiganjani, na nimekipaka rangi nyeupe wa nyuma wakione. Ncha ikate, usimtoboe mtu wa vayolini ya kwanza jicho. Na kikurupuke kikupige mguuni, hakuna neno: Lully, mtunzi wa muziki wa Ufaransa, mwaka 1687, alikuwa anapiga mapigo sakafuni kwa fimbo nzito kama walivyofanya zama zile, akajitwanga kidole cha mguu, kikaoza, akafa. Kijiti cha mishikaki hakiwezi hayo.